Sahihisha Kiingereza chako kwa kutumia Kiswahili chako

Nina duka dogo la steshenari. Watu huja kuchapa barua za kazi, maombi ya chuo, ripoti za vikundi, na wengi wakishakaa kwenye kiti cha pembeni huuliza maswali yaleyale. Hapa niweke “a” au “the”? Ni “borrow” au “lend”? Kwa nini “informations” ni kosa wakati taarifa zenyewe ni nyingi? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, sasa nayaandika yakae mahali pamoja.

Juzi alikuja kijana na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wino wa bluu, mistari imekatwakatwa. “Dada, niangalizie. Nimeandika mwenyewe ila sina uhakika.” Sentensi ya pili ilisomeka hivi: “I have finished Form Four in 2021 and I am having experience of two years which I got it in a hardware shop.” Nilimwambia jambo ninaloliamini kabisa: haya si makosa ya mtu asiyejua Kiingereza. Chini ya kila kosa hapo kuna Kiswahili safi. Nimemaliza. Nina uzoefu. Nilioupata. Mtu akikiona Kiswahili kilicholala chini ya sentensi yake, anajua pa kutia kalamu. Ndiyo njia tutakayoifuata hapa.

## Andaa kwanza

- Maandishi yako, yawe yamechapwa au yameandikwa kwa kuruka mstari ili kuwe na nafasi ya kurekebisha.
- Kalamu ya rangi nyingine.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanaojifunza lugha. Ya kwenye simu inatosha. Chagua inayoweka herufi C au U mbele ya nomino, utaona faida yake kwenye hatua ya tatu.
- Daftari dogo la makosa yako.
- Dakika arobaini bila kelele.

Kitabu cha sarufi si lazima. Na tafadhali, usiandike barua yote kwa Kiswahili halafu ukaitupia mashine ya kutafsiri. Ukiandika “alinifundisha kazi”, hiyo “a-” haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo mashine inabahatisha. Nimeshaona barua ambayo bosi mmoja ni “he” kwenye aya ya kwanza na “she” kwenye aya ya pili.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: usiwinde makosa yote kwa mpigo. Soma maandishi mara moja kwa kila hatua, ukitafuta kitu kimoja tu.

## Hatua

1. Pigia mstari vitenzi vyote, kisha uliza kila kimoja: kwa Kiswahili ningesema -li-, -me- au -na-?

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo inayookoa barua nyingi.

Ukiona wakati uliokwisha umetajwa (jana, mwaka jana, 2021, wiki mbili zilizopita), tumia wakati uliopita wa kawaida, bila “have”. “I finished Form Four in 2021.” Sisi tunaweza kusema “nimemaliza 2021” na hakuna atakayeshtuka, Kiingereza hakikubali “have” ikae na tarehe iliyopita.

Kama wakati hautajwi na unachosema ni kwamba jambo limeshafanyika, hapo -me- na “have” zinaenda pamoja. “Nimetuma barua” ni “I have sent the letter”.

Lakini -me- ina kazi ya pili, na hii ndiyo inayowaponza wengi. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, nimechoka, nimeshiba: hapa hatusimulii tendo, tunaeleza hali mtu aliyomo sasa hivi. Kiingereza huieleza hali hiyo kwa “is” au “am”. “He is asleep.” “She is sitting down.” “She is wearing a uniform.” “I am tired.” Fikiria mgeni Mwingereza yuko mlangoni anamuulizia baba, mtoto anamjibu “He has slept”. Mgeni ataelewa kwamba baba ameshapata usingizi wake na huenda sasa yuko macho, naye ataendelea kusimama pale akimsubiri.

Kipimo: uliza “sasa hivi yumo katika hali hiyo?” Jibu likiwa ndiyo, usitumie “have”.

Tukija kwenye -na-, jaribu kuweka hu- mahali pake. “Nafanya kazi hospitali” inakubali kuwa “mimi hufanya kazi hospitali”, basi andika “I work in a hospital”. “Nafanya kazi, nitakupigia baadaye” haikubali hu-, basi ni “I am working”. Vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda, kuamini, kuelewa na kumiliki havichukui “-ing” katika matumizi ya kawaida. Andika “I have two children”, si “I am having two children”. Andika “I know him”, si “I am knowing him”.

Bado kuna tangu. Kwa Kiswahili “niko hapa tangu 2019” haina tatizo. Kiingereza kinataka “I have been here since 2019”, kwa sababu hali ilianza huko nyuma na bado inaendelea. “Since” hufuatwa na mwanzo wenyewe: mwaka, siku, tukio. “For” hufuatwa na urefu wa muda. “Since 2019”, lakini “for three years”. Kwa hiyo “since three years” haipo.

Tahadhari: wakati uliopita huonyeshwa mara moja tu. Katika “sikuenda”, alama ya kukanusha wakati uliopita ni -ku- peke yake, hatusemi “sikulienda”. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: “did” ikishabeba wakati, kitenzi kinabaki kama kilivyo. “I did not go”, “Did you see?” Anayeandika “I didn't went” ameuweka wakati mara mbili.

2. Zungushia duara “he”, “she”, “him”, “her”, “his” na “it”.

Kwa kila “he” na “she”, taja jina la mtu kimoyomoyo. Ukisoma haraka hutaona kosa, maana masikio yetu yamezoea “yeye” mmoja kwa wote.

Kisha angalia sentensi zenye “which”, “who” na “that”. Kiswahili hurudia kitu ndani ya kitenzi: uzoefu nilioupata, kitabu nilichokisoma, mtu niliyemwona. Hizo -u-, -ki- na -m- ndizo zinazogeuka “it” na “him” zisizotakiwa. Futa. “The experience which I got”, “the man whom I saw”. Futa pia kiwakilishi kinachofuata jina moja kwa moja, kama “My father he is a farmer” au “Me I think”. Kwa Kiswahili “mimi naona” ni mazungumzo mazuri. Kwenye barua ya Kiingereza “I think” imejitosheleza.

Sentensi ya yule kijana ikawa hivi: “I finished Form Four in 2021 and I have two years' experience, which I got in a hardware shop.”

3. Sasa nomino. Inahesabika? Inajulikana?

Anza na kuhesabika. Fungua kamusi. Neno lenye C linahesabika: lina wingi, na likiwa moja huchukua “a”. Lenye U halina wingi wala halichukui “a”. Yanayotutesa ni yale ambayo kwetu yana hesabu: taarifa, samani, vifaa, mizigo, mashauri. Kwa Kiingereza “information”, “furniture”, “equipment”, “luggage” na “advice” hayachukui “s” kamwe. Ukitaka kuhesabu, tumia “piece”: “a piece of advice”, “two pieces of luggage”. “News” ina “s” lakini ni umoja: “the news is good”. “Staff” ni wafanyakazi wote wa mahali kwa pamoja. Mmoja wao ni “a member of staff”. “Staffs” kwa maana ya wafanyakazi naiona kila wiki, hata kwenye vibao vya milangoni.

Halafu kujulikana. Kiswahili hakina “a” wala “the”, lakini wazo lenyewe tunalo, tunalieleza kwa njia nyingine. Tazama: “Nilimkuta mtu kituoni. Yule mtu akaniuliza njia.” Mara ya kwanza ni mtu tu, mara ya pili ni yule tuliyekwisha kumtaja. “I met a man at the bus stop. The man asked me the way.” Panapokubali yule, ile, kile, weka “the”. Panapokubali “mmoja, yeyote”, weka “a”.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi. “Nimenunua kitabu” na “nimekinunua kitabu” si kitu kimoja. Ya kwanza ni kitabu fulani tu: “I have bought a book”. Ya pili, yenye -ki-, ni kile kitabu wewe na mimi tunachokijua: “I have bought the book”. Kipimo hiki hakifai kwa watu, maana kwa mtu tunaweka -m- kila mara, awe anajulikana au hajulikani.

Ukizungumzia kitu kwa ujumla wake, katika wingi au kisichohesabika, usiweke chochote: “Teachers need patience.” Lakini kazi ya mtu mmoja inataka “a”. “Mimi ni mwalimu” ni “I am a teacher”, si “I am teacher”. Barua za kazi hukosea hapo kwenye mstari wa kwanza kabisa.

“A” au “an”? Fuata sikio, usifuate herufi. “An hour” kwa sababu “h” haisikiki. “A university” kwa sababu inaanza na sauti ya “yu”. “An MP”, “an SMS”, “an NGO”, kwa sababu tunatamka “em”, “es”, “en”.

Na “one of” hufuatwa na wingi: “one of my friends”. Unamchagua mmoja kutoka kundini, basi kundi lazima lionekane.

4. Kagua vihusishi, yaani maneno madogo kama “in”, “at”, “by”, “for”.

Kiswahili kina maneno machache ya kazi hii na kila moja limebeba mzigo mzito. Ile -ni ya nyumbani, sokoni, kazini haisemi kama upo, unakwenda au unatoka. Kitenzi ndicho kinachosema. Kiingereza hubadilisha neno: “I am at the market”, “I am going to the market”, “I have come from the market”. Na “home” inajitegemea: “I am going home”, bila “to”.

Kwa ndiyo yenye sura nyingi kuliko zote. Usitafute neno moja la kuitafsiri:

- kwa kisu: “with a knife”
- kwa basi: “by bus”
- kwa miguu: “on foot”
- kwa Kiswahili: “in Swahili”
- kwa shilingi elfu mbili: “for two thousand shillings”
- kwa daktari: “to the doctor” ukiwa unakwenda, “at the doctor's” ukiwa upo

Mpaka inastahili kusimamiwa peke yake, kwa sababu hapa mtu anaweza kukosa nafasi. “Ofisi iko wazi mpaka Ijumaa”: hali inaendelea hadi siku hiyo, hivyo “until Friday”. “Leta fomu, mwisho Ijumaa”: ni tendo la mara moja lenye ukomo, hivyo “by Friday”. Ukiandika “I will submit the form until Friday”, msomaji hajui utaleta lini. Na kwa mahali, “nilitembea mpaka sokoni” ni “I walked as far as the market” au “to the market”. “Until” ni ya wakati.

Vitenzi vingine havitaki kihusishi kabisa. “We discussed the budget”, bila “about”. “I request leave”, bila “for”. “She married a teacher”, bila “with”. “He entered the room”, bila “into”. Kinachochanganya ni kwamba nomino zao hutaka: “a discussion about the budget”, “a request for leave” ni sahihi. Vingine havikai bila kihusishi: “apply for a job”, “wait for me”, “listen to the radio”. Na mwisho wa barua ni “I look forward to hearing from you”. Baada ya “to” hii huja “-ing”.

5. Tazama maneno ambayo kwetu ni moja, kwao ni mawili.

Kuazima ndiyo mfano mkubwa. “Nimeazima kalamu” na “niazime kalamu” hutumia kitenzi kilekile. Uliza kitu kinaelekea wapi. Kinakuja kwa anayetajwa kutenda: “borrow”. Kinatoka kwake: “lend”. “Can I borrow your pen?” na “Can you lend me your pen?” zote sahihi, “Borrow me your pen” si sahihi.

Kusoma ni “read” ukishika kitabu, “study” ukiwa chuoni. Kusikia ni “hear” kwa sauti, “smell” kwa harufu, na kwa baridi ni “feel cold”. Mtu ni “tall”, barabara ni “long”. Kidole cha mguu ni “toe”, si “finger”. Hizi ziandike kwenye daftari kila unapokutana nazo, hazina kanuni.

Lakini kuna jozi ambapo Kiswahili kinakusaidia, na watu hawajui kama wana msaada huo mdomoni. Kumbuka ni “remember”, kumbusha ni “remind”. Kwa hiyo “Remember me to call him” haiwezi kuwa “nikumbushe nimpigie”. Jifunza ni “learn”, fundisha ni “teach”. Sema ni “say”, ambia ni “tell”, na kama ambia isivyokaa bila mtu, “tell” nayo kwa kawaida humtaka mtu: “He told me”, “He said that”. Bei imepanda, “prices rose”. Wamepandisha bei, “they raised prices”. Na lala ni “lie”, laza ni “lay”. Hiyo ya mwisho Waingereza na Wamarekani wenyewe huikosea kila siku, kwa sababu wakati uliopita wa “lie” ni “lay”. Sisi tuna lala na laza, hatuna sababu ya kupotea.

6. Kama kuna usaili, fanyia mazoezi majibu na saa.

Ukiulizwa “You haven't brought your certificate?” na kweli hujaleta, Kiswahili hujibu “Ndiyo, sijaleta”, yaani ulivyosema ni kweli. Kiingereza hujibu kufuata tendo: “No, I haven't.” Ukisema “Yes” peke yake, watakunyooshea mkono wapewe cheti. Jizoeze kumalizia sentensi: “No, I haven't”, “Yes, I have”. Hapo hata ukiteleza kwenye neno la kwanza, la pili linakuokoa.

Saa: ongeza au punguza sita. Saa mbili asubuhi ni “eight o'clock”. “Two in the morning” ni saa nane usiku. Ukipewa miadi kwa Kiingereza, iandike kwa tarakimu papo hapo, 8:00 a.m., halafu uirudie kwa sauti mbele ya aliyekupa.

7. Soma kwa sauti, polepole, kidole kikiwa juu ya karatasi.

Funga barua sawasawa: ukianza na “Dear Sir or Madam”, malizia na “Yours faithfully”; ukimtaja mtu kwa jina lake, malizia na “Yours sincerely”.

## Ukikwama

Kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya “colour” na “centre”. Hujakosea. Imewekwa Kiingereza cha Marekani. Huko tahajia kama “color” na “center” ziliimarishwa na kamusi ya Noah Webster ya 1828. Shule zetu Tanzania na Kenya zinafuata ya Uingereza. Badilisha lugha ya kusahihishia iwe ya Uingereza. Chagua moja na ubaki nayo barua nzima.

“My brother and I” au “my brother and me”? Mtoe kaka. “I went”, kwa hiyo “my brother and I went”. “He called me”, kwa hiyo “he called my brother and me”.

“Its” au “it's”? Jaribu kusoma “it is” au “it has”. Ikisomeka, weka alama. Isiposomeka, usiweke.

“Shall” au “will”? Andika “will”. “Shall” iache kwa kupendekeza, kama “Shall we start?”, na kwa mikataba.

Watu wawili wamenisahihisha kinyume. Muombe kila mmoja akuonyeshe mfano kwenye kamusi. Mara nyingine wote wako sahihi: Mwingereza atasema “at the weekend”, Mmarekani “on the weekend”.

Kanuni nazijua, nikifungua mdomo zinapotea. Chagua kosa moja kutoka kwenye daftari na ulishughulikie wiki nzima, hilo tu. Jirekodi kwa simu dakika mbili ukieleza siku yako, usikilize, uhesabu limetokea mara ngapi. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, alianza na “he” na “she” hivyo hivyo. Mwezi wa pili alikuwa anajikatiza mwenyewe katikati ya sentensi, na baada ya hapo hakuhitaji tena kujikatiza.

Barua inatakiwa kesho saa mbili, na sasa ni saa nne usiku. Fanya hatua ya kwanza yote. Kwenye hatua ya tatu tafuta “informations”, “advices”, “equipments” na wenzao, na ile “a” ya kazi yako. Kagua “apply for” na “look forward to hearing”. Kisha lala. Asubuhi isome kwa sauti mara moja kabla ya kuichapa, maana jicho la saa nne usiku husoma kilichokusudiwa, si kilichoandikwa.